Maduka makubwa Afrika Mashariki: kwa nini wakubwa huanguka, na nani hubaki na deni

Kampuni za Afrika Kusini, Botswana, Marekani na Dubai zimeingia katika soko la rejareja la Kenya, Uganda na Tanzania zikiwa na fedha nyingi na majina makubwa. Nyingi zimekwisha kuondoka. Zipo pia kampuni za nyumbani zilizoanguka kwa kishindo. Nini kinachoamua nani abaki na nani aende?

Katika jumba la maduka la Westgate, jijini Nairobi, kuna ukumbi mmoja mkubwa unaoweza kueleza habari yote ya biashara ya supamaketi katika ukanda huu. Jumba hilo lilishambuliwa na magaidi mwezi Septemba mwaka 2013, likafunguliwa tena Julai 2015, na mpangaji wake mkuu akawa Nakumatt, kampuni ya Kenya iliyokuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Nakumatt ilipoporomoka, ukumbi huo ukachukuliwa na Shoprite ya Afrika Kusini, iliyofungua duka lake la kwanza nchini Kenya mwezi Desemba 2018. Haikupita miaka mitatu, Shoprite nayo ikafunga, na nafasi ile ile ikaenda kwa Carrefour, jina la Kifaransa linaloendeshwa na kampuni ya Dubai.

Ukumbi mmoja, kampuni tatu, na miaka isiyozidi saba. Wateja walikuwapo wakati wote. Unga, maziwa, sabuni na mafuta ya kupikia viliendelea kununuliwa kila siku. Kilichobadilika ni jina la mlangoni pamoja na hatima ya maelfu ya wafanyakazi, wenye nyumba na wasambazaji wa bidhaa waliotegemea jina hilo.

Fedha za msambazaji ndizo mtaji

Ili kuelewa kwa nini maduka haya huinuka na kuanguka, ni lazima kwanza kuelewa namna yanavyopata fedha. Mteja anapoingia supamaketi na kuchukua pakiti ya mtindi, hulipa papo hapo, kwa fedha taslimu, kwa kadi au kwa simu. Lakini duka lenyewe huwa bado halijamlipa aliyetengeneza mtindi huo. Msambazaji huleta mali, huacha ankara, kisha husubiri siku 30, 60 au hata 90.

Chukua mfano wa msambazaji anayeleta mtindi wa thamani ya shilingi 100,000. Duka linaumaliza katika siku 10, na mkataba unasema malipo ni baada ya siku 60. Maana yake ni kwamba kwa siku 50 fedha hizo zimo mikononi mwa duka bila riba. Iwapo duka lina wasambazaji 500 wa namna hiyo, shilingi milioni 50 zinazunguka ndani yake, na hakuna benki iliyozitoa.

Fedha hizo zikitumika kwa uangalifu, duka hupata nguvu ya kununua kwa wingi, kupunguza bei na kuvuta wateja zaidi. Tatizo huanza zinapotumika kufungua matawi mapya. Duka jipya huhitaji rafu, majokofu, kodi ya pango na mishahara kwa miezi mingi kabla ya kuleta faida. Maadamu mauzo yanapanda, deni la jana hulipwa kwa mauzo ya leo. Siku mauzo yanaposhuka, hata kwa kiasi kidogo, ankara za zamani hukosa wa kuzilipa, na hali huwa kama ya mwendesha baiskeli aliyeacha kukanyaga pedali mlimani.

Hapo ndipo mzunguko mbaya unapoanza. Msambazaji asiyelipwa huacha kuleta mali. Rafu hubaki tupu. Mteja akikosa sukari leo, kesho huenda duka la jirani. Mauzo hushuka zaidi, na wasambazaji wengine, wakiona hivyo, nao huzuia mali yao. Katika biashara hii rafu tupu ni dalili ya ugonjwa ambao kwa kawaida umekwisha kuenea mwilini.

Tembo aliyeanguka

Nakumatt ilikuwa mfano ulio wazi kuliko yote. Kampuni hiyo ya familia, ambayo jina lake linatokana na biashara ya magodoro katika mji wa Nakuru, ilitumia picha ya tembo kuwa nembo yake. Ilipokuwa kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilifika Kigali mwaka 2008, na mwaka 2014 ikanunua maduka matatu ya Shoprite nchini Tanzania, wakati Waafrika Kusini hao walipoamua kuondoka huko. Kwa wakazi wengi wa miji ya ukanda huu, Nakumatt ndiyo iliyowafundisha kwamba duka linaweza kuwa wazi saa 24.

Lakini upanuzi huo uliendeshwa kwa mikopo ya benki, kwa hati za muda mfupi za deni zilizouzwa kwa wawekezaji, na zaidi ya yote kwa ankara za wasambazaji ambazo hazikulipwa kwa wakati. Kufikia mwaka 2017 rafu zilikuwa zimeanza kuwa tupu, matawi ya Uganda na Tanzania yakifungwa moja baada ya jingine, na wenye nyumba wakiwatoa wapangaji wao kwa amri za mahakama. Januari 2018 mahakama jijini Nairobi iliteua msimamizi wa kuiendesha kampuni hiyo. Madeni yalipohesabiwa yalizidi shilingi bilioni 30 za Kenya.

Januari 2020 wadai walipiga kura ya kuivunja Nakumatt. Matawi sita yaliyobaki yaliuzwa kwa kampuni nyingine ya Kenya, Naivas, kwa shilingi milioni 422. Ukilinganisha kiasi hicho na deni, utaona ni sehemu ndogo sana. Benki zilizokuwa na dhamana zilitangulia katika foleni ya malipo, kama sheria za ufilisi zinavyoelekeza. Msambazaji wa kawaida, aliyekuwa na ankara tu bila dhamana yoyote, alikuwa nyuma kabisa ya foleni hiyo.

Nakumatt haikuwa peke yake. Uchumi, supamaketi iliyoanzishwa mwaka 1975 chini ya mashirika ya serikali ya Kenya, iliwahi kufunga milango mwaka 2006, ikaokolewa, ikarudi katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2011, kisha ikayumba tena. Oktoba 2015 ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania kwa pamoja, na kuwaacha wafanyakazi na wasambazaji wa nchi hizo mbili wakidai haki zao. Tuskys, kampuni nyingine ya familia yenye asili ya Nakuru, ilichukua nafasi ya mbele baada ya Nakumatt kuondoka. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona na mivutano ya wanafamilia, nayo ikaanza kushindwa kuwalipa wasambazaji, na muda si mrefu matawi yake yakawa yamefungwa.

Waliokuja kutoka kusini

Kuanguka kwa kampuni hizo kuliacha nafasi tupu katika majumba ya maduka, na wageni waliiona nafasi hiyo. Kwa mtazamo wa mtu aliyeko Cape Town au Johannesburg, Afrika Mashariki ilionekana kama shamba lililolimwa tayari: miji inakua, tabaka la kati linaongezeka, na majumba mapya ya biashara yanatafuta wapangaji.

Shoprite ndiyo iliyokuwa na uzoefu mkubwa zaidi. Ilianza mwaka 1979 ikiwa na maduka manane tu katika eneo la Cape Town, na baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kumalizika ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Ilifika Zambia mwaka 1995 na Uganda mwaka 2000. Lakini nchini Kenya ilidumu kwa muda mfupi. Ilifungua maduka manne, matatu jijini Nairobi na moja Mombasa, na mwaka 2020 ikatangaza kwamba inaondoka kwa sababu faida haikufikia kiwango ilichokitarajia. Mwaka 2021 ikatangaza kuondoka Uganda pia, baada ya miaka zaidi ya 20.

Choppies ya Botswana iliingia Kenya kwa kununua maduka ya Ukwala, ikaondoka mwaka 2019. Game, iliyo chini ya kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, ilikuwa na maduka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambako wengi walilijua duka lake la Mlimani City. Nyuma ya Massmart alikuwapo mfanyabiashara mkubwa wa rejareja kuliko wote duniani, Walmart ya Marekani, ambayo mwaka 2011 ilinunua asilimia 51 ya hisa za Massmart. Hata nguvu hiyo haikusaidia. Mwaka 2021 Massmart ilitangaza nia ya kujiondoa Afrika Mashariki na Afrika Magharibi, na kufikia mwisho wa mwaka 2022 maduka ya Game katika ukanda huu yalikuwa yamefungwa.

Kwa nini kampuni zenye fedha na ujuzi mwingi kiasi hicho zilishindwa? Sababu ya kwanza ni umbali na ushuru. Nguvu ya Shoprite nyumbani kwake inatokana na maghala makubwa na magari yake yanayosambaza mali kwa gharama ndogo. Zambia ni jirani wa karibu kwa barabara, tena ni mwanachama mwenzake katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ambako bidhaa nyingi huvuka mipaka bila ushuru. Kenya na Uganda hazimo katika jumuiya hiyo. Bidhaa kutoka Afrika Kusini zinapofika Mombasa hukutana na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika huwa asilimia 25 au zaidi. Duka linalotegemea mali ya kwao huanza mbio likiwa nyuma ya wenzake.

Sababu ya pili ni sarafu. Kodi ya pango katika majumba mengi ya kisasa hupangwa kwa dola, ilhali mauzo ni kwa shilingi, na faida hatimaye huhesabiwa kwa randi. Shilingi inaposhuka, duka linaweza kuuza zaidi kuliko mwaka uliopita na bado likaonekana, katika vitabu vya makao makuu, kuwa limepata hasara.

Sababu ya tatu ni mahali. Wageni walikaa katika majumba ya kifahari ambayo mteja huyafikia kwa gari. Wakazi wengi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hutembea kwa miguu au hupanda matatu, daladala na bodaboda. Hununua kidogo kidogo kila siku, kulingana na kipato cha siku hiyo. Wakenya wanayo hata istilahi ya mtindo huu: uchumi wa kadogo. Duka lililopangwa kwa ajili ya mteja anayejaza gari mara moja kwa mwezi haliwezi kumhudumia kwa urahisi mtu anayehitaji kipimo cha mafuta ya kupikia cha jioni moja.

Jina la Ufaransa, fedha za Dubai

Katika orodha hiyo ya walioshindwa, mgeni mmoja amekita mizizi. Carrefour ilizaliwa nchini Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 ikafungua karibu na Paris duka kubwa lililochanganya chakula na bidhaa nyingine zote chini ya paa moja. Hata hivyo, mwenye maduka ya Nairobi na Kampala si kampuni ya Ufaransa. Ni Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyofungua duka lake la kwanza la Carrefour mjini humo mwaka 1995, na ambayo ina haki ya kutumia jina hilo katika nchi nyingi za Mashariki ya Kati, Afrika na Asia.

Utaratibu huu una maana kubwa kibiashara. Wafaransa hulipwa kwa matumizi ya jina na ujuzi wao, na mwenye kubeba hatari ya kupoteza mtaji ni kampuni ya Dubai. Nayo kampuni hiyo ina uhuru wa kulibadilisha jina ikiona halina manufaa tena. Nchini Jordan mwishoni mwa mwaka 2024, na nchini Oman mwanzoni mwa mwaka 2025, iliyaondoa mabango ya Carrefour katika maduka yake na kuweka jina lake jipya, HyperMax.

Majid Al Futtaim iliingia Kenya mwezi Mei 2016, katika jumba la The Hub mtaani Karen. Ilifika wakati Nakumatt ikiwa imeanza kudhoofika, na kila ukumbi uliohamwa na mwenyeji ukawa fursa kwake. Mkakati wake ulikuwa na nguzo tatu. Kwanza, bei za bidhaa chache ambazo kila mteja anazijua, kama vile sukari, unga na mafuta, zilishushwa kiasi cha kuwavutia watu kutoka mbali. Pili, sehemu kubwa ya mali ilinunuliwa kwa wazalishaji wa Kenya wenyewe, hivyo ushuru na umbali havikuiumiza kama vilivyowaumiza wenzake wa kusini. Tatu, ilikuwa na mfuko mnene wa kustahimili miaka ya mwanzo isiyo na faida.

Desemba 2019 na miezi iliyofuata kampuni hiyo ilijiimarisha Kampala, na mwaka 2021 ikachukua maduka sita ya Shoprite nchini Uganda. Nchini Kenya imevuka matawi 20. Kwa mnunuzi, ujio wake ulileta bei nafuu na rafu zilizojaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mwenyeji aliyepona.

Mtindi, asali na mafuta ya kupikia

Duka kubwa linapokuwa na mtaji wa kutosha, hatari kwa msambazaji hubadilika. Hofu ya kufilisika kwa duka hupungua, na mahali pake huja swali la masharti. Mzalishaji mdogo ambaye nusu ya mtindi wake huuzwa katika supamaketi moja hana nguvu ya kukataa jambo lolote linaloandikwa katika mkataba.

Masharti hayo huwa ya aina nyingi. Msambazaji hutakiwa kulipa ili bidhaa yake iwekwe rafuni. Hutakiwa kurudisha asilimia fulani ya mauzo kama punguzo la lazima, juu ya bei aliyokwisha kuipunguza. Huchangia tawi jipya linapofunguliwa. Hutoa wafanyakazi wake mwenyewe kupanga mali ndani ya duka. Bei anayotangaziwa mteja huwa ndogo, lakini sehemu ya punguzo hilo hutoka mfukoni mwa mzalishaji.

Sheria ya Ushindani ya Kenya, ya mwaka 2010, ilifanyiwa marekebisho ili kupambana na jambo hili, na sasa inaharamisha matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Kipimo kikuu cha sheria hiyo hakiko katika ukubwa wa kampuni pekee. Kinachotazamwa ni uhusiano kati ya pande mbili: je, muuzaji anaweza kumwacha mnunuzi huyo bila kuangamia?

Kesi ya kwanza kubwa ilihusu kampuni ndogo ya mtindi, Orchards Limited, iliyolalamika dhidi ya Majid Al Futtaim. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba kampuni hiyo ya Dubai ilikuwa imetumia vibaya nguvu zake, ikaitoza faini na kuiagiza ibadilishe mikataba yake na wasambazaji. Mwaka uliofuata baraza linalosikiliza rufaa za ushindani liliunga mkono msimamo wa Mamlaka.

Desemba 2023 ulitolewa uamuzi mzito zaidi. Mamlaka iliitoza Majid Al Futtaim faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kutokana na malalamiko ya wasambazaji wawili: Woodlands, wanaouza asali, na Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia na sabuni. Iliagiza pia kurudishwa kwa fedha zilizokatwa. Kampuni hiyo ilipinga uamuzi huo na kukata rufaa.

Uzito wa kesi hizi hauko katika kiasi cha faini peke yake. Kwa mara ya kwanza katika ukanda huu, mkataba kati ya duka kubwa na mzalishaji mdogo ulitazamwa kama jambo la umma. Mwenye kiwanda kidogo anayekopa benki ili kununua chupa na maziwa hulipa riba kila mwezi wakati ankara yake imelala dukani. Malipo yakichelewa, huanza kwa kupunguza vibarua, kisha hupunguza maziwa anayonunua kwa mfugaji. Kwa njia hiyo, sharti lililoandikwa katika ofisi ya ghorofa ya kumi hufika mpaka zizini.

Wenyeji waliobaki

Wakati wageni wakija na kuondoka, kampuni mbili za Kenya zilikua karibu kimyakimya. Naivas ilianza mwaka 1990 kama duka la familia huko Rongai, katika eneo la Nakuru. Sasa ina matawi zaidi ya 100. Quickmart iliungana na Tumaini baada ya mfuko wa uwekezaji wa Adenia kuingia, nayo ikaenea haraka katika mitaa ya makazi.

Zote mbili zilifuata watu mahali wanapoishi na wanaposhukia gari. Badala ya kukimbilia majumba ya kifahari peke yake, zilichukua nafasi kando ya barabara kuu, karibu na vituo vya matatu, na katika miji ya kaunti. Ziliweka mboga, mikate na chakula kilichopikwa karibu na mlango, kwa sababu mteja anayerudi kazini jioni huhitaji hivyo kabla ya kitu kingine. Na zilijenga imani ya wasambazaji wakati ambapo imani hiyo ilikuwa adimu. Katika soko lililoumizwa na Nakumatt na Tuskys, duka linalolipa kwa wakati hupewa mali ya kutosha, hupewa bei nzuri, na rafu zake hazikauki.

Hata hivyo, neno “mwenyeji” linahitaji kutazamwa kwa makini. Mwaka 2020 kundi la wawekezaji likiongozwa na mfuko wa Amethis lilinunua asilimia 30 ya hisa za Naivas. Mwaka 2022 kundi jingine, likiongozwa na kampuni ya IBL ya Morisi na likijumuisha taasisi za fedha za maendeleo za Ufaransa na Ujerumani, lilichukua asilimia 40. IBL yenyewe inaendesha supamaketi nyumbani kwao Morisi. Kwa hiyo mashindano yanayoonekana kuwa ya Wakenya dhidi ya wageni ni, kwa sehemu, mashindano ya mitaji ya nje inayotumia njia mbili tofauti. Mmoja huleta jina lake na kujenga upya. Mwingine hununua sehemu ya duka ambalo tayari linajulikana na kuaminiwa.

Kwa matokeo yaliyoonekana hadi sasa, njia ya pili imekuwa na hasara chache. Mwekezaji hapati shida ya kujifunza mitaa, tabia za wanunuzi na majina ya wasambazaji. Naye mwanzilishi hupata mtaji usio wa mkopo, hivyo hahitaji kufungua matawi kwa fedha za ankara zisizolipwa.

Ushindani nje ya jumba la maduka

Yapo mapambano mengine ambayo supamaketi si sehemu yake kuu. Mapema mwaka 2023 duka la China Square lilifunguliwa kando ya barabara ya Thika, nje kidogo ya Nairobi, likiuza vyombo vya nyumbani, vifaa na mapambo kwa bei iliyo chini sana ya bei za katikati ya mji. Wateja walimiminika. Wafanyabiashara wa Kenya wanaoagiza bidhaa hizo hizo kutoka China waliandamana, wakisema wanakatwa riziki na mtengenezaji anayeuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa mwisho. Duka hilo lilifungwa kwa muda, likafunguliwa tena, na baadaye likaongeza matawi.

Tukio hilo lilionyesha kwamba mshindani anayeogopwa zaidi anaweza kuwa yule anayefupisha njia kati ya kiwanda na mteja. Hilo linawagusa pia wafanyabiashara wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wale wa Kikuubo mjini Kampala, ambao maisha yao hutegemea kuwa katikati ya njia hiyo. Mteja huona bei imeshuka. Muuzaji wa jumla huona kazi yake imetoweka.

Na chini ya hao wote kuna duka la mtaani, kioski na kibanda cha mboga. Hapo ndipo watu wengi wa ukanda huu bado wanaponunua mahitaji yao ya kila siku, na hapo mwenye duka humjua mteja kwa jina, humpimia robo kilo, na humwandikia deni hadi mwisho wa mwezi. Hakuna kampuni kubwa, ya ndani au ya nje, iliyoweza kuiga huduma hiyo kwa ukamilifu.

Somo kwa nchi nyingine za ukanda

Kwa nchi ambazo maduka haya makubwa hayajaenea sana, uzoefu wa Kenya, Uganda na Tanzania unatoa maswali ya kujiuliza mapema. Mtandao wa maduka unapoomba kibali cha kuingia, kwa kawaida mazungumzo huhusu ajira zitakazopatikana na ukubwa wa jengo. Mara chache huulizwa wasambazaji watalipwa baada ya siku ngapi, na nini kitatokea kwa ankara zao iwapo kampuni itaondoka. Wafanyakazi na wasambazaji wa Uganda na Tanzania walijifunza mwaka 2015 kwamba makao makuu yakiwa nchi nyingine, kufuatilia deni huwa safari ndefu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha mali kuvuka mipaka, na mzalishaji wa Kigali au Bujumbura anaweza siku moja kujaza rafu za Nairobi. Lakini sheria za kumlinda dhidi ya mnunuzi mwenye nguvu hazilingani kutoka nchi moja hadi nyingine. Kampuni inayobanwa Nairobi inaweza kupeleka masharti yale yale mahali ambapo hakuna mamlaka iliyo tayari kuyahoji.

Kwa sasa vita vya bei vinaendelea, na mnunuzi wa mjini ananufaika. Ikiwa manufaa hayo yatadumu itategemea jambo lisiloonekana kwenye matangazo ya punguzo: kama mwenye mtindi, mwenye asali na mfugaji anayewauzia maziwa watalipwa kwa wakati ili waendelee kuwapo mwaka ujao, jina lolote litakalokuwa mlangoni.